Jibu: Mbunge mmoja wa upinzani anaweza kubadili nini bungeni?

Ndugu, umeuliza kama hotuba za mbunge wa upinzani zina faida yoyote ilhali kura za kutosha hana. Zinayo, tena kubwa. Mtazame Zitto Kabwe wa Tanzania, alipokuwa mbunge wa Kigoma Kaskazini kwa tiketi ya chama cha upinzani cha CHADEMA.

Agosti 2007 alipeleka hoja binafsi akitaka iundwe kamati teule kuchunguza mkataba wa mgodi wa Buzwagi, ambao Waziri wa Nishati na Madini, Karamagi, aliusaini London. Hoja ikakataliwa, naye akasimamishwa ubunge kwa miezi kadhaa. Kwa hesabu ya kura, alishindwa vibaya. Lakini wananchi walikuwa wamekwisha sikia, na kabla mwaka haujaisha Rais Kikwete aliunda kamati ya Jaji Bomani kuhusu madini, Zitto mwenyewe akiwemo. Sheria mpya ya Madini ikaja 2010.

Kashfa ya Escrow ya 2014, ya fedha zilizochotwa katika akaunti ya Tegeta Escrow iliyokuwa Benki Kuu, inanigusa zaidi. Pale hakutegemea ufasaha wa kusema, alikuwa na nyaraka: ukaguzi maalumu wa CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, uliopitia PAC, Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali aliyoiongoza. Makamu wake, marehemu Deo Filikunjombe, alikuwa wa chama tawala, CCM, na hakumlinda mtu. Mwanasheria Mkuu Werema akajiuzulu, Waziri wa Ardhi Tibaijuka akaondolewa, Waziri wa Nishati na Madini Muhongo naye akafuata Januari 2015.

Kwa hiyo ukimpima mbunge wako, usihesabu mara alizosimama. Fungua Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, uone kama anauliza kuhusu mkataba fulani, fedha fulani, na kama kikao kijacho anarudi kudai jibu.