Barua kwa mwanangu: Norwei na pesa iliyobaki

Mwanangu,

Ujumbe wako alinisomea mdogo wako juzi, halafu nikausoma mwenyewe miwani ilipopatikana. Unasema tangu umalize masomo unazunguka na begi mgongoni, sasa uko Albania, na pesa iliyobaki ingekufikisha huko karibu miezi miwili. Ukipanda hadi Norwei itakwisha kwa wiki mbili. Unauliza: "Mama, niende au niiruke?"

Nitakujibu. Ila kwanza lile neno langu la siku zote, ambalo baba yako alizoea kunimalizia: bei ni ya kitu, si ya mtu. Mwenye duka akitaja bei hajakutukana. Ukiweza nunua, ukishindwa sema ahsante, nenda zako. Shangazi yako angelishika hili, yale mambo ya mbuzi yasingefika kwa mwenyekiti wa kijiji.

Sasa, Norwei. Mwaka 1987 nilikwenda Bergen kwa mafunzo ya uuguzi, picha ya koti jekundu unaijua. Shilingi yetu ilikuwa imeshushwa thamani mwaka uliotangulia, na kila kitu nilikigeuza kuwa shilingi kichwani: mkate, kikombe cha kahawa, nauli ya basi. Wewe usifanye hivyo, utashiba hesabu kabla hujala. Posho ilitosha, lakini wajomba zako walikuwa shuleni, kwa hiyo kila krona ilikuwa na mwenyewe huku nyumbani.

Jumapili moja wenzangu wakasema twende Fløyen, mlima uliouinamia mji. Kuna kigari cha reli kinachovutwa kwa kamba ya chuma, kipo tangu 1918, dakika chache tu kimekufikisha. Wao wakapanda. Mimi nikasema napenda kutembea, na kweli napenda. Mita 320 ni nini kwa mtu wa Mbulu? Nikafika nimelowa chapachapa, maana Bergen mvua haina likizo, nikawakuta mezani wanakula vafeli, vile vikeki bapa vinavyookwa ndani ya chuma. Vafeli za kwao zina umbo la moyo, mioyo mitano imeshikana duara moja, unabandua mmoja mmoja. Juu unapaka jamu, au unalaza kipande chembamba cha jibini ya kahawia, na kwa kuwa vafeli ni ya moto jibini inaanza kulegea pembeni. Dada mmoja, muuguzi kama mimi, akanisogezea sahani. "Utakula?" Nikasema hapana, ahsante, nimeshiba.

Wewe nimekulea mimi, unajua maana yake. Kwetu hapana ya kwanza ni adabu. Mwenye chakula anasema "aa, njoo bwana," unakataa tena kidogo, anakushika mkono, ndipo unanawa. Yeye alisema "sawa" na sahani ikaenda kwa mwingine. Nikakaa pale na maji yangu nikitazama ile mioyo ikiisha.

Hakunikosea. Nimejiambia hivyo miaka yote. Aliuliza, nikajibu, akaniamini, basi. Lakini hadi leo nikikumbuka nacheka upande mmoja tu wa mdomo. Ukifika kule wakakukaribisha kitu, pokea palepale, hakuna mara ya pili.

Wala si vafeli peke yake. Tukiwa tunashuka, yule dada akaamua kutembea nami, na akanisimulia kuwa yeye na mumewe wana nyumba ndogo ya mapumziko milimani. Wamenunua kwa mishahara yao. Muuguzi, mwanangu! Tulikuwa tunafunga bandeji za aina moja, tunageuza wagonjwa vitandani usiku mmoja, na mgongo wake ulikuwa unamuuma palepale panaponiuma mimi. Hapo neno langu likayumba. Kwa sababu ukitazama vizuri, kinachokuwa ghali zaidi kule ni kile kilichopita mikononi mwa mtu: kahawa ya kuletewa, teksi, kukatwa nywele. Anayekuletea kikombe analipwa mshahara wa kuishi, na mshahara huo umo ndani ya bei ya kikombe. Kumbe bei ni ya mtu pia? Basi mimi nilikuwa na bei gani? Baba yako aliniambia utajiri wao ni mafuta waliyoyapata baharini mwaka 1969. Nikamwambia na sisi tuna dhahabu. Tukalala hatusemezani. Hata hivyo bado nasema, bei ni ya kitu. Sijaliacha, na sitaliacha.

Pasipo na mkono wa mtu, kule ni bure. Maji ya bomba ni safi, jaza chupa yako. Njia za milimani hazina geti wala risiti, jambo ambalo sisi tuliozoea malango ya hifadhi tunalitilia shaka mpaka mwisho wa safari. Tangu 1957 wana sheria inayompa kila mtu, mgeni naye, ruhusa ya kutembea na kulala kwenye ardhi isiyolimwa. Hema liwe mita 150 au zaidi kutoka nyumba inayokaliwa, na mahali pamoja usizidishe siku mbili bila kumwomba mwenye ardhi. Mgeni siku mbili, ya tatu hawakupi jembe, wanakuhamisha tu. Moto usiwashe msituni wala karibu yake kati ya 15 Aprili na 15 Septemba. Kula mkate na vibua vya kopo vya nyanya. Hakuna atakayekushangaa, madaktari wa kule wenyewe walikuja kazini na mikate yao imefungwa kwenye karatasi.

Mdogo wako anasema chupa tupu ukizirudisha dukani wanakulipa, ndogo krona 2, kubwa krona 3, kwa hiyo uokote. Sitaki mwanangu aokote chupa. Ingawa chupa nayo ni kitu, na bei ni ya kitu. Haya, ukiikuta njiani iokote, lakini usinitumie picha.

Sasa unataka niseme nenda au usiende. Sisemi. Huko uliko unalala kitandani, unakula vizuri, na kwa ulivyonisimulia wanakubembeleza unywe kahawa. Kule utapima kila tonge. Lakini una miguu bado, na magoti hayangoji mtu apate pesa. Ungekuwa na mwenzio wa kugawana hema ningesema… hapana, nimeuma ulimi. Nikikutuma ukakwama, utasema ni mama. Nikikuzuia, utaniuliza mbona lile koti bado ninalo.

Ila kabla hujakata tiketi nijibu hili. Norwei hawamo katika Umoja wa Ulaya, waliukataa kwa kura 1972 na tena 1994, lakini Schengen, zile nchi za Ulaya zinazotumia visa moja, wamo. Siku za kule zinajumlishwa na zile za Ujerumani na Italia, 90 katika kila 180. Za Albania hazimo. Je, visa yako ni ya kuingia mara moja au mara nyingi? Maana kama ni mara moja, ulipovuka kuja Albania ulishaimaliza, na hapa tunabishana bure.

Mama yako