Uwanja ukikaribia mtaa wako, uliza kwanza mpaka unapita wapi

Hapa Lubumbashi, Kongo (DRC), ikisikika tu kwamba patajengwa uwanja mkubwa wa michezo, wanunuzi hufika mtaani kabla ya wapimaji. Kwetu walimwendea kwanza mama mdogo, mjane: "Mama, serikali itavunja tu, heri uchukue hizi dola sasa." Faili ya parseli (kiwanja) ya familia ninaishika mimi, kwa hiyo haya nimeyajua kwenye foleni za maofisi.

Usianze na bei. Uliza kama parseli yako iko ndani ya mpaka wa mradi au iko kando yake. Watu huchanganya haya mawili, na ndipo wanapoliwa. Aliye ndani atachukuliwa ardhi kwa manufaa ya umma. Huyo analindwa na sheria ya Februari 22, 1977, na ibara ya 34 ya Katiba ya 2006 inataka fidia ya haki, tena itolewe kabla. Kabla! Si baada ya tingatinga kupita. Aliye kando hafidiwi, ila matumizi ya eneo lake yanaweza kubadilishwa: makazi yakageuka baa, hoteli na maegesho. Huyu ndiye anayepata hasara kubwa akiuza mapema, kabla bei haijapanda.

Mpaka huo hutaambiwa na komisyonere, yaani dalali, na shefu wa kartie (mkuu wa mtaa) peke yake hatoshi. Nenda kadasta, ofisi ya ramani za viwanja, uone parseli yako kwenye mchoro, kisha ofisi ya mipango miji uulize eneo lenu limepangiwa nini. Uliza kwa barua, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Nilipouliza kwa mdomo niliambiwa "shefu ametoka", kesho yake vilevile. Barua yenye muhuri wao haikuweza kutoka nao.

Halafu karatasi. Wengi wetu katika komuni za mji huu, kama Katuba, Kenya au Ruashi, tuna fishi ya parseli tu (kikaratasi cha kiwanja), na tunadhani tumemaliza. Kwa sheria ya Julai 20, 1973 ardhi ni ya Serikali; raia anapewa konsesyo, yaani haki ya kuitumia, na inayoithibitisha ni sertifika ya uandikishaji. Ikishatimiza miaka 2, ni vigumu sana mtu kuipinga. Anzeni kuitafuta sasa, maana msalaba mwekundu ukishapakwa ukutani, kila saini hupanda bei.

Piga picha za vyote: nyumba, choo, kisima, ukuta, hata miembe. Weka risiti za sementi.

Je, uwanja ni balaa? Sioni hivyo. Wa TP Mazembe, uliofunguliwa 2011 na kubeba watu kama 18,000, uko Kamalondo, katikati ya site (mtaa wa wenyeji) ya zamani kabisa ya mji huu, na siku ya mechi wauza mishikaki hawalalamiki. Kule San Diego, Marekani, wananchi walipigia kura mpango wa uwanja wa besiboli mwaka 1998, pamoja na ujenzi wa mtaa unaouzunguka. Petco Park ilifunguliwa 2004, na ghala la matofali la mwaka 1909 halikubomolewa: kona yake ndiyo nguzo ya mpaka wa mchezo upande wa kushoto. Mchoro ukijadiliwa mapema, hata jengo la kale hupata nafasi. Sisi mchoro tunauona siku ya kubomolewa.

Wapangaji nao wasisahauliwe. Mkataba wa kuandikwa, hata wa ukurasa mmoja, huwapa la kuonyesha watu wa mradi wakianza kuhesabu nyumba.

Na ukiletewa barua ya kuchukuliwa ardhi, andika tarehe uliyoipokea. Sheria ya 1977 inatoa mwezi mmoja tu wa kupeleka malalamiko na bei unayodai. Vikao vya ukoo vinaweza kuumaliza mwezi huo kabla yaya (kaka mkubwa) wa Kolwezi hajafika, kwa hiyo mteueni mapema mmoja mwenye prokirasyo (hati ya uwakilishi), aliye hapa mjini, asiyeogopa kukaa kwenye benchi la ofisi.