Homoni, ARV na uongo wa "kupumzisha dawa"

SWALI (limefupishwa, na yote yanayoweza kumtambulisha aliyeuliza yameondolewa): Shikamoo daktari. Nilizaliwa mwanamume lakini ninajijua na ninaishi kama mwanamke. Ninaishi na VVU, natumia TLD (kidonge cha ARV chenye tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri), na kipimo changu cha mwisho virusi havikuonekana. Kwa miezi kadhaa sasa nameza vidonge vya majira, viwili kwa siku, ili mwili ubadilike. Muuza dawa za asili hapa Ngamiani ameniambia ARV zinaua homoni, kwa hiyo nizipumzishe miezi mitatu, na wakati huo ninywe dawa yake ya kusafisha damu. Usiku silali, hamu ya tendo imekwisha, nalia bila sababu, na namwogopa mwenzangu nisije nikamwambukiza. Je, nizipumzishe?

JIBU: Marahaba. Hapana, usizipumzishe, si miezi mitatu wala wiki moja.

Mimi ni mfamasia, ingawa hapa Tanga kila anayesimama nyuma ya dirisha la dawa huitwa daktari, na swali hili hunifikia kwa sura nyingi. Mama mwenye kijiti cha uzazi wa mpango huliuliza, kijana aliyeuziwa dawa ya nguvu za kiume huliuliza, na Ramadhani ikikaribia huulizwa na watu wasiojua kwamba TLD ni kidonge kimoja tu kwa siku, ambacho mtu anaweza kukimeza akifuturu au wakati wa daku. Wote wameambiwa jambo lile lile, kwamba mwili hauwezi kubeba dawa mbili, basi ARV ndizo zikae pembeni.

Uvumi huu una chanzo chake. Kabla nchi haijahamia TLD, wagonjwa wengi walikuwa wakitumia mchanganyiko wenye efavirenzi, na efavirenzi kweli huliharakisha ini katika kuvunja baadhi ya homoni, kiasi kwamba vijiti vya uzazi wa mpango viliwaangusha baadhi ya wanawake waliokuwa wakivitegemea. Dolutegraviri, ambayo ndiyo herufi D katika TLD yako, haina tabia hiyo. Haipunguzi estrojeni, yaani homoni ya kike, mwilini kwa kiwango chenye maana, na estrojeni haiipunguzi nguvu. Aliyekushauri anarudia habari ya dawa ambayo wewe huitumii.

Kuhusu kupumzisha dawa, jambo hili halikuachwa kwenye kubahatisha, kwa maana lilijaribiwa kwa watu. Utafiti mkubwa uitwao SMART, uliochapishwa mwaka 2006 ukiwa na washiriki 5,472 kutoka nchi nyingi, uliwalinganisha walioendelea na ARV na wale waliosimamishwa na kurudishiwa kwa kufuata kiwango cha CD4, yaani chembe za kinga ya mwili. Ulilazimika kukatizwa kabla ya wakati wake, kwa sababu waliopumzishwa walipata magonjwa nyemelezi au kufa kwa zaidi ya mara mbili ya wenzao. Kwa watu wengi virusi hurudi kwenye damu ndani ya wiki chache tangu dawa ziachwe. Kuna na jambo jingine ambalo wauzaji wa dawa za chupa hawalijui kabisa: tenofoviri na lamivudini zilizomo ndani ya TLD hudhibiti pia virusi vya homa ya ini aina ya B, na mwenye virusi hivyo akiziacha ghafla, ini lake linaweza kuumia vibaya.

Sasa tuje kwenye vidonge vya majira, ambavyo vinanitia wasiwasi kuliko ulivyotarajia. Fungua pakiti uitazame. Pakiti nyingi zina vidonge 21 vya homoni, na mwishoni vipo 7 vya rangi ya kahawia ambavyo si homoni, ni madini ya chuma. Madini hayo yakimezwa pamoja na TLD tumbo likiwa tupu, huishika dolutegraviri ili isiingie vizuri kwenye damu. Kwa hiyo ARV hazikuwa zikiiua homoni yako. Pakiti yako ndiyo ingeweza kuipunguza ARV, na hayo hukuambiwa. Kanuni ni kumeza TLD saa 2 kabla ya madini ya chuma au kalsiamu, au saa 6 baada yake, ama kuvimeza vyote pamoja na chakula. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au aluminiamu hazina nafuu hiyo ya chakula. Hizo zitenganishwe kwa saa hizo hizo.

Estrojeni iliyomo katika vidonge hivyo ni ya aina inayoongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa, na kumeza viwili kwa siku kunaizidisha, hasa kwa anayevuta sigara. Isitoshe, homoni ya pili iliyomo mara nyingi ni levonojestreli, ambayo ina chembe ya tabia ya homoni za kiume, yaani unalipia kitu na kinyume chake katika kidonge kimoja. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, ambayo najua wengine huikimbilia, haina estrojeni hata kidogo. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye misuli ya nyuma, au kifua kikikubana na pumzi ikawa fupi, nenda hospitali siku hiyo hiyo na useme unatumia vidonge gani. Mpaka utakapoonana na daktari anayeweza kukupima shinikizo la damu na ini, ushauri wangu ni kuviacha vidonge hivyo. Hivyo ndivyo vya kupumzisha, kama neno hilo linakupendeza.

Kukosa usingizi kunaweza kuletwa na dolutegraviri kwa baadhi ya watu, na dawa yake ni nyepesi: hamishia kidonge asubuhi. Lakini kulia bila sababu na kukosa hamu kwa muda mrefu si jambo la kusukumia kila mara kwenye ARV. Hiyo inaweza kuwa sonona, na sonona ni ugonjwa wenye kipimo chake, maswali 9 yanayohusu wiki 2 zilizopita, ambayo muuguzi aliyefundishwa anaweza kukuuliza kliniki pale pale. Watu wa mkoa huu wakisikia afya ya akili huwaza Lutindi, hospitali ya wagonjwa wa akili kule milimani Korogwe, wakaogopa kuitwa wendawazimu. Hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo, ina kitengo chake, na wengi wanaohudumiwa kwa sonona hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Fluoksetini na amitriptilini, ambazo ni dawa za sonona, hazigombani na TLD. Ukiandikiwa kabamazepini, dawa ya kifafa ambayo hutumiwa pia kutuliza hisia, hapo sema mapema kwamba unatumia dolutegraviri, kwa sababu hiyo huishusha, na dozi ya dolutegraviri italazimika kutolewa mara mbili kwa siku. Ikiwa mawazo ya kujidhuru yamekujia, usisubiri tarehe ya kliniki, nenda leo ukiwa na mtu unayemwamini.

Hofu ya kumwambukiza mwenzako nayo inachangia kuiua hamu, na kwa hili nina habari njema. Mtu ambaye virusi havionekani katika damu yake na anayeendelea na dawa hamwambukizi mwenzake VVU kwa kujamiiana. Utafiti wa PARTNER2, uliochapishwa mwaka 2019, ulifuatilia jozi 782 za wenzi wa kiume, ambapo katika kila jozi mmoja anaishi na VVU na yuko kwenye dawa, wakijamiiana bila kondomu, na haukupata hata ambukizo moja lililotoka kwa mwenzi aliyefubazwa virusi. Kinga hiyo utaibomoa kwa mkono wako ukizipumzisha dawa. Haizuii kaswende wala kisonono, kwa hiyo kondomu ina kazi yake bado, pamoja na kilainishi cha maji. Mafuta ya nazi huharibu mpira wake.

Najua sababu nyingine ya watu kama wewe kuikimbia kliniki, nayo si ya kifamasia. Jina lililo kwenye kadi ya CTC, yaani kliniki ya tiba na matunzo ya VVU, huitwa kwa sauti, "Baba fulani!", anasimama mtu mwenye kanga na hereni, na benchi zima linageuka. Aliyeaibishwa hivyo mara moja huona nafuu kumfuata muuza chupa, ambaye angalau humwita dada. Mhudumu anayefanya hivyo anavunja miiko ya kazi yake, na anayetangaza hali yako ya VVU anavunja Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008, inayolinda siri ya mgonjwa. Una haki ya kumwomba mganga mfawidhi uitwe kwa namba, na una haki ya kuhamia kliniki nyingine kwa barua ya rufaa bila kukosa dozi hata ya siku moja.

Hao wauza chupa, nasema kwa wote wanaosoma, hawana jipya. Mwaka 2011 maelfu walipanga foleni Samunge, Loliondo, kwa kikombe cha dawa ya asili cha shilingi 500, na miongoni mwa waliokunywa walikuwamo walioacha ARV wakiamini wamepona. Leo kikombe kimekuwa chupa ya maji ya dukani iliyobanduliwa karatasi, ndani kuna kimiminika cheusi kisicho na jina, dozi wala tarehe. Muulize aliyekuuzia atakurudishia fedha kwa kipimo gani iwapo virusi vitapanda. Sijapata kusikia mmoja wao akikubali kupimiwa kazi yake kwa wingi wa virusi, kipimo ambacho kliniki hukifanya bure.

Kwa yeyote aliyekwisha kuziacha: rudi bila kungoja tarehe iliyoandikwa kwenye kadi, usiazime vidonge vya rafiki, na utaje kwa ukweli umekaa siku ngapi bila dawa na umekunywa nini, ili wapange kipimo na waamue dozi. Macho yakiwa ya njano au mkojo ukiwa na rangi ya chai kavu, pita moja kwa moja mapokezi ya dharura.