Maswali ya minyoo, na mzani wa viazi

Tangu mvua zianze ujumbe umekuwa mwingi, na karibu wote ni mstari mmoja: "Daktari, dawa gani nzuri ya minyoo ya mbwa?" Umri hakuna, uzito hakuna, kama mbwa ana mimba hamsemi. Hao nimewaruka. Nimechukua maswali yenye kichwa na miguu.

Nina mbwa mkubwa wa kulinda. Nimpe mililita ngapi za dawa ya minyoo ya ng'ombe? (Uyole)

"Mkubwa" si kipimo. Uyole nzima mmejaa mizani ya kupimia viazi: mtie kwenye kiroba, kichwa kikae nje, mning'inize, usome. Akiwa mdogo mbebe, pandeni wote mzani wa kusimamia, kisha utoe uzito wako.

Sasa dawa yenyewe. Albendazoli ya ng'ombe imepangiwa mnyama wa kilo mia kadhaa. Ukiteleza kidogo tu kwa mbwa wa kilo 15, umeteleza sana. Ikizidi inaweza kuharibu uboho wa mifupa, mahali damu inapotengenezwa. Levamisoli, dawa nyingine ya minyoo ya mifugo, ni mbaya zaidi, maana dozi yake na sumu yake zinapakana. Nimeshaletewa mbwa mate yanachuruzika na miguu inatetemeka, na mwenyewe ananionyesha bomba la sindano akisema alipima kwa macho. Nunua vidonge vya mbwa vyenye prazikwanteli na piranteli, usome kilo zilizoandikwa kwenye pakiti.

Watoto wa mbwa wana wiki tatu, matumbo yamejaa kama ngoma. Mama yao mzima kabisa. Minyoo wameitoa wapi? (Mafinga)

Kwa huyo huyo mama mzima kabisa. Lava, yaani wachanga, wa minyoo ya mviringo hulala kwenye misuli yake, wala hutaona kitu kwenye kinyesi. Akishika mimba wanaamka na kuwafuata watoto tumboni, ndiyo maana wanazaliwa nayo. Dawa huanza wakiwa na wiki 2, hurudiwa kila baada ya wiki 2 mpaka wiki ya 8, halafu kila mwezi hadi miezi 6. Mama naye apewe. Kila safari wapime upya, kwa sababu uzito wa wiki iliyopita umeshapitwa. Watoto wa paka huipata kwenye maziwa; wao anza wiki ya 3.

Funua midomo yao leo. Fizi zikiwa nyeupe na kinyesi cheusi kama lami, hiyo ni safura inanyonya damu. Usingoje jibu langu, mbebe umpeleke.

Kamwene daktari. Mbwa alipata dawa mwezi uliopita, ila vipande kama punje za mchele vimerudi mkiani. Niliuziwa feki? (Iringa)

Kamwene. Feki zipo, lakini hapa namshuku kiroboto. Punje hizo ni vipande vya tegu, mnyoo bapa, naye akiwa mchanga hukulia ndani ya kiroboto. Mbwa akijitafuna anakimeza, na baada ya wiki mbili tatu punje zinaonekana tena. Ua viroboto mwilini, kwenye matandiko na bandani. Hukuuliza, lakini nasema: dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini isimguse paka. Inaua.

Kitunguu swaumu kinatoa minyoo? (Tukuyu)

Hapana. Kinaharibu chembe nyekundu za damu za mbwa na paka. Na tumbaku pia hapana, kabla hujauliza.

Kijana wangu yuko machinjioni, huwaletea mbwa maini na mapafu yaliyokataliwa. Kuna ubaya? (Mbalizi)

Upo, na mkubwa. Mkaguzi hakuyakataa kwa uchoyo. Vile vifuko vya maji kwenye ini vimebeba vichwa vya tegu mdogo wa milimita chache tu. Mbwa akila, tegu wanajaa utumboni, naye haumwi, hutajua. Mayai yanatoka na kinyesi, yananasa kwenye manyoya na mchicha wa bustanini, mtoto anakumbatia mbwa kisha anakula ugali bila kunawa. Kifuko kinaota ndani ya mtu, kwenye ini au mapafu, kinakua miaka kimya kimya, na mara nyingi hutolewa kwa kisu. Chemsha vipande nusu saa, au fukia shimo refu mbwa asilofukua.

Na msiniletee tena lile la mbwa kueneza tegu wa nguruwe. Anayeeneza ni mtu anayejisaidia kichakani huku nguruwe wamefunguliwa. Mbozi wanalijua hili, na kifafa anachokileta tegu huyo pia.

Nina mimba, mama mkwe anataka paka aondoke. (Njombe)

Abaki. Anachoogopa ni toksoplazma, vijidudu vya kwenye kinyesi cha paka vinavyoweza kudhuru mimba. Si minyoo, na kinyesi huchukua siku 1 hadi 5 kabla hakijawa hatari, kwa hiyo kizolewe kila siku, na mama mkwe ndiye azoe. Wewe vaa glavu ukipalilia. Mishikaki isiyoiva inanitisha kuliko paka wako.

Paka anatema kidonge. (Kyela)

Usikisage. Prazikwanteli ni chungu, atatoa povu mdomo mzima. Kivunje, kifiche ndani ya usipa (dagaa wa Ziwa Nyasa) aliyechemshwa. Mpe usipa mtupu, kisha mwenye dawa, na wa tatu uwe umemshika mkononi anamwona. Atameza wa pili haraka ili amfikie wa tatu.