Kutoa mikwaruzo kwenye mfuniko wa mashine ya santuri

Kaka, mfuniko wa mashine ya santuri ya mzee wako, pamoja na mikwaruzo yake, haujafa, usiutupe. Pitisha ukucha kwanza. Kama haukwami kwenye mkwaruzo, polishi ya gari na kipande cha fulana kuukuu ya pamba vinatosha.

Ukucha ukikwama, kwa wauza rangi za magari hapo mjini Mwanza ulizia msasa wa maji namba 1000, 1500 na 2000. Ung'oe mfuniko kwenye bawaba, usiusugulie juu ya mashine, uchafu utaingia kwenye sindano. Osha vumbi lote kwanza, maana vumbi letu la Nyakato lenyewe ni msasa. Lowesha kwa maji yenye tone la sabuni, sugua taratibu, na kila ukibadili namba badili na mwelekeo, ndipo utaona kama mistari ya namba iliyopita imeisha. Mfuniko utageuka mweupe kama umemwagiwa maziwa. Mimi wangu nilidhani nimeuua. Sugua kwa kompaundi (dawa nzito ya kung'arishia rangi ya gari), kisha polishi, weupe unaondoka.

Thina na spiriti usiguse kabisa: akriliki, yaani plastiki ya mfuniko, hupata nyufa ndogondogo, na hizo hazina dawa.