Daktari Anajibu: Presha ya Mhadhiri

SWALI: Daktari, mimi ni mhadhiri wa muda hapa Nairobi, mwenye umri wa miaka 44. Asubuhi hufundisha katika bewa lililo katikati ya jiji, jioni katika jingine kando ya Barabara ya Thika, na usiku husahihisha karatasi za mtihani hadi saa sita. Malipo ya muhula uliopita bado sijayapata. Siku hizi hugutuka saa tisa za usiku moyo ukinidunda, na kisogo huniuma. Juzi nilipimwa presha katika duka la dawa ikawa 152 kwa 96, nikaambiwa ni msongo wa kazi tu, nipumzike. Je, niamini?
Msomaji, Roysambu

JIBU: Mwalimu, pole kwa kazi. Msongo huweza kweli kupandisha presha, lakini kujua kinachoipandisha si sababu ya kuacha kuifuatilia, kwa kuwa mishipa, figo na moyo huumia vilevile, chanzo kiwe ni msongo au kingine.

Mtu anapokabiliwa na tishio, mwili hutoa adrenalini na kotisoli. Moyo hupiga haraka, mishipa hubana na sukari huongezeka katika damu. Hali hiyo humfaa anayekimbia hatari ya dakika chache, ila kwako imeendelea muhula mzima, tena juu ya usingizi wa saa tatu na, nadhani, chipsi zinazoliwa ndani ya matatu kati ya kipindi na kipindi. Maumivu ya kisogo yasikuongoze: watu wengi wenye presha ya juu hawasikii chochote, na huenda yako yanatokana na shingo iliyoinamia karatasi.

Pima tena kwa siku tofauti, ukiwa umeketi na kutulia dakika 5, mgongo umeegemea, mkono uko usawa wa moyo, na hujanywa kahawa kwa nusu saa. Ikiendelea kufika 140 kwa 90 au zaidi, nenda kliniki upimwe pia sukari, figo na moyo. Ukipata maumivu ya kifua, udhaifu wa upande mmoja wa mwili au ulimi kuwa mzito, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Hesabu pia saa zako za kazi, za kusahihisha zikiwemo, maana wahadhiri wengi huhesabu za darasani pekee. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalieleza kuwa kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki huambatana na hatari ya kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35, ikilinganishwa na saa 35 hadi 40. Kuhusu malipo sina dawa, na sidhani mazoezi ya kupumua yanaweza kushika nafasi ya mshahara. Hilo lipeleke kwa mkuu wa idara kwa maandishi. Kilicho mikononi mwako muhula ujao ni kupunguza kozi moja, hasa ya jioni, iwapo mfuko utaruhusu.