Ndege mwenye pete kwenye mpunga wa Kitere

SWALI: Shikamoo mwalimu. Januari, shambani kwetu Kitere, mwanangu alikuta ndege mdogo kanasa kwenye wavu wa kuzuia kwelea kwelea. Mgongo kahawia, tumbo jeupe, mdomo mrefu mwembamba, na pete ya chuma mguuni. Tulinakili namba, tukamwachia. Ni wa nani?
Mama Salumu, Mtwara

JIBU: Marahaba, mama. Mmefanya vizuri mno kutoing'oa. Rangi pekee haithibitishi, ila moyo wangu umemwendea ndege wa matete wa Basra, aliye hatarini kutoweka. Huzaliana vinamasi vya kusini mwa Iraki, kisha huja kwetu, hata Malawi na Msumbiji. Miaka ya 1990 vinamasi vile vilikaushwa. Maji yakaanza kurudishwa 2003. Ngulia, kule Tsavo, Kenya, ndege wahamao wamekuwa wakivishwa pete tangu 1969, hasa usiku wa ukungu wa Novemba na Desemba, na ndege wa matete wa Basra ni miongoni mwa aina zinazovishwa pete pale. Namba yenu ndiyo itakayosema alivishwa wapi, lini. Niletee picha ya daftari, herufi zote zilizochongwa, pamoja na tarehe. Na wavu, tafadhali, ukaguliwe alfajiri na tena kabla jua halijawa kali.